Daraja Nililolijenga kwa Kalamu

Daraja la kwanza la Ijumbi nililijenga mimi. Nililijenga kwa kalamu ya nibu, nikiwa nimekaa kitini, kwa mwandiko wa kulaza herufi kidogo kuume, na lilidumu miezi saba bila mtu hata mmoja kulivuka.

Ninyi vijana mnaoandika mihtasari ya mikutano siku hizi, kwa mashine zinazofuta kosa lisiache hata kovu, mmeniomba niwaeleze kazi ya ukarani ilikuwaje enzi za Mwingereza. Nimejaribu kuanza na mambo ya heshima. Nimechana kurasa nne. Kila nikianza na mambo ya heshima, daraja linarudi na kusimama mbele yangu. Basi nianze nalo, nipumue.

Mjue kwanza nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mwoga. Nyoka hawakunisumbua, wala fisi. Niliogopa makosa. Nilizaliwa Kahororo, karibu na mji wa Bukoba, katika nyumba ya Walutheri iliyokuwa na vitabu viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo, na shule niliiacha darasa la sita baba alipougua. Nyumbani tulisema Kihaya. Kiswahili nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma kila karatasi iliyonipitia mkononi: matangazo ya Boma, maandishi ya kwenye madebe ya mafuta ya taa, magazeti yaliyofungiwa chumvi. Ndiyo maana nilipoanza kazi nilikuwa hodari sana katika Kiswahili cha sheria za mbwa na bei za vitambaa, lakini nilikuwa sijui namna nzuri ya kumwambia mfiwa pole.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana shida moja: hakuna wa kumwambia imetosha. Nikiandika "tafadhali" nilirudi kuzihesabu herufi zake. Nikipiga doa la wino, hata dogo kama jicho la siafu, niliandika ukurasa wote upya. Kuna barua ya mistari mitatu ya kuomba sabuni ya ofisi niliyoiandika mara tisa, na sabuni ilipofika nilikuwa bado nafikiria kama "naomba" haikuwa kali mno.

Na mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya karani wa Baraza.

Baraza lilikuwa la Mukama wetu, yaani mtawala wa jadi ambaye Waingereza walimwacha atawale chini yao, upande huu wa Muleba. Kila sehemu ilituma mjumbe wake, nao walikutana mara moja kwa mwezi kumweleza Mukama shida za watu. Walizungumza Kihaya. Mimi niliandika kwa Kiswahili. Nakala moja ilibaki kwetu, nyingine ilikwenda Boma, Bukoba, na huko Bwana DC, Mwingereza mkuu wa wilaya, ndiye aliyeamua nini kiingie katika makisio ya mwaka na nini kisubiri. Madaraja, zahanati, paa za masoko, visima, vyote vilipita kwenye nibu yangu kabla ya kuwa mawe na mbao.

Aliyenikabidhi kazi aliitwa Mzee Laurian. Alikuwa anastaafu akiwa na macho mabovu na furaha nyingi. Alinipa daftari lake, na nilipolifungua nilitaka kulia. Lilikuwa na madoa ya wino, madoa ya kahawa, na mengine yaliyonukia rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Kila mjumbe alikuwa amepewa mstari mmoja tu. "Kimwani: zahanati, bado." "Ijumbi: daraja, bado." Ukifungua mwezi uliofuata, "Ijumbi: daraja, bado." Mwaka mzima hivyo, na mwaka wa kabla yake.

Nilimuuliza kama kweli mjumbe anasimama nusu saa na kusema maneno mawili.

"Hapana," akasema. "Mengine yalikuwa ya adabu."

Kisha akanipa mawaidha ya kazi, na nitawapa na ninyi kwa sababu yangali na maana. Usikae karibu na wazee wanaotafuna kahawa, maana makapi yanaruka. Kaa upande wa dirisha, lakini kidau cha wino kiweke upande wa ukuta, kwa sababu wajumbe wa Kihaya husema na mikono yao. Usianze kuandika mtu anaposimama. Anza anapokaribia kukaa, ndipo anapokuwa amefika. Niliitikia yote, na moyoni nikasema huyu mzee ni mchafu tu, mimi nitaonyesha kazi.

Mwalimu wangu halisi nilimchagua mwenyewe. Mzee Athumani alikuwa karani mkuu wa Boma. Babu yake alitoka pwani na misafara, yeye alizaliwa Bukoba mjini, akavaa kanzu nyeupe siku zote za juma, na Kiswahili kilimtoka kama maji ya bomba wakati sisi wengine tulikuwa tunachota kwa kata. Yeye ndiye aliyefasiri mihtasari yangu kwa Kiingereza ili Bwana DC aisome. Siku ya kwanza nilipompelekea, aliusugua ukurasa kwa kidole gumba kuona kama wino umekauka. Kisha akasema, "Mwandiko unao, mwanangu. Sasa sikiliza. Karani si mpishi, usitie chumvi yako. Andika alichosema mtu, basi."

Nililichukua neno hilo kama aya. Andika alichosema mtu. Nililiandika nyuma ya mlango wa ofisi. Maafa yote yaliyofuata yalitoka kwenye mlango huo.

Sasa niwaeleze jinsi watu wetu walivyokuwa wakiuliza, maana ninyi mmezoea diwani anayesimama, anapiga meza na kusema fedha ya barabara imekwenda wapi. Kwa Mukama hukuweza. Kumwambia mbele ya watu kwamba kitu fulani hakipo ni kumwambia amesahau, na Mukama hasahau. Basi wajumbe walimshukuru. Walimshukuru kwa kitu ambacho hawakuwa nacho, mpaka akili ya mtu yeyote aliyelelewa vizuri ielewe kwamba anadaiwa kukileta.

Msifikiri jambo hili lilikuwa la ikulu peke yake. Mama yangu hakuwahi hata siku moja kunituma maji. Alikaa karibu na mtungi mtupu akasema, "Asante, mwanangu, kwa maji uliyoniletea," nami nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kisimani.

Kwa hiyo nilijua. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na sitaificha. Ningekuwa mgeni mngenisamehe.

Mjumbe wa Ijumbi aliitwa Mzee Kaijage. Alikuwa mkulima wa kahawa, mrefu, mpole, mwenye koti moja la heshima lililokuwa refu mikononi. Kati ya nyumba za watu wake na shule, soko na mkunga, palikuwa na mto unaopita kwenye matope ya mafunjo. Daraja lilikuwa magogo mawili. Masika yaliyopita yalichukua moja, na lililobaki lilikuwa na utelezi kiasi kwamba hata mbwa walilifikiria mara mbili. Mkwewe Kaijage, mke wa mwanawe mkubwa, alishikwa na uchungu mto ukiwa umejaa, akajifungulia kwenye mafunjo, mkunga akiwa ng'ambo anapaza sauti kuelekeza. Mtoto alipona. Wote walijua kwamba wa pili huenda asipone.

Na mzee huyo, mwenye mjukuu aliyezaliwa kwenye mafunjo, alisimama katika kikao changu cha kwanza, akapiga goti, akaanza kwa salamu ya Kihaya ya kumsalimia Mukama, ambamo waitu ni kama kusema bwana wetu:

"Kaboneka, waitu. Sisi watu wa Ijumbi tumetumwa kushukuru kwa daraja. Watoto wetu wanafika shule na madaftari makavu. Wake zetu wanafika kwa mkunga kwa miguu yao. Kahawa yetu inafika sokoni bila kuoga. Tunashukuru, waitu. Tunashukuru sana."

Mukama aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Wazee wakaguna kwa huzuni, maana ilikuwa hotuba ya kuhuzunisha kweli. Mimi nilichovya kalamu. Nikakumbuka maneno ya nyuma ya mlango. Nikaandika, bila doa hata moja: "Mjumbe wa Ijumbi alitoa shukrani za wananchi kwa daraja, ambalo limewawezesha watoto kufika shule wakiwa wakavu, na wanawake kumfikia mkunga kwa urahisi."

Ilikuwa sentensi nzuri. Niliisoma mara tatu. Nilijisemea kwamba mtungi wa mama ni mambo ya nyumbani, na karatasi ya Serikali ni kitu kingine, inataka alichosema mtu. Mwezi uliofuata Ijumbi walishukuru tena, Kimwani wakashukuru kwa zahanati, nikaandika. Wengine walishukuru kwa paa la soko, nikaandika. Miezi saba watu walilia shida zao mbele yangu, nami niliandika sherehe.

Kisha ikaja barua ya Boma.

Ilisema Bwana DC amefurahishwa na maendeleo ya upande wetu. Ilisema kwa kuwa daraja la Ijumbi limekamilika, fungu lake limeondolewa katika makisio ya mwaka ujao. Ilisema atakuja mwenyewe Alhamisi ya juma lifuatalo kulitazama. Na pembeni, kwa mkono wake, Mzee Athumani aliongeza: "Hongera. Mwandiko wako umezungumzwa."

Niliikunja barua vizuri. Niliikunjua. Nikaikunja tena.

Nitawaungamia mawazo yaliyonijia siku hiyo kwa jinsi yalivyokuja. La kwanza lilikuwa kuugua. La pili lilikuwa kuvuka kwenda Uganda. La tatu lilikuwa kulibomoa daraja, maana kama nililijenga kwa kalamu, kwa kalamu ningeweza kuliangusha: mvua kubwa imenyesha, daraja limechukuliwa na maji. Niliiandika hata sentensi yenyewe, na nasikitika kusema ilikuwa nzuri pia. Ndipo nikakumbuka kwamba Mwingereza angeuliza fundi alikuwa nani na mbao zake ziliishia wapi, na ingenibidi nimjenge na fundi.

Nikachukua baiskeli nikaenda kwa Mzee Laurian. Nilimkuta kwenye kibanja chake, chini ya migomba, anapunguza maotea. Nikamsomea barua. Alianza kucheka polepole, akashika mgomba, kisha akakaa chini kabisa, machozi yakimtoka, akasema nirudie mahali pa madaftari makavu. Nikarudia. Nilipokuwa karibu kulia mwenyewe, alijifuta, akaniambia maneno niliyostahili.

"Wewe ulidhani mimi sikujua kuandika? Nilijua. Nilikuwa naandika kinachokosekana. Nenda Ijumbi, kamwambie Kaijage kabla hajasikia kwa mwingine."

Nilikwenda kesho yake. Mzee Kaijage alinipa kiti, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni wa heshima, na jambo hilo liliniumiza kuliko kofi. Mkwewe alikuwa uani anaanika kahawa, mtoto mgongoni, na tumbo lake, niliona, lilikuwa limeanza kukua tena. Nikasema yote. Nilisema daraja limefutwa kwenye makisio, na aliyelifuta ni mimi.

Aliviringisha mkono wa koti lake, akauviringua. Halafu akasema kwa upole uleule wa barazani, "Nakushukuru, karani, kwa kunirudishia daraja langu."

Mkanda wa suruali ulinilegea. Sijawahi kutishwa vile na mtu yeyote, na nimewahi kufukuzwa na kiboko.

Alhamisi ikafika. Bwana DC alikuja na gari lake, kijana kiasi, mwekundu, mwenye soksi ndefu na Kiswahili kilichonyooka kama fimbo ya bendera. Mzee Athumani alikuwa pembeni yake katika kanzu mpya. Katikiro, yaani waziri mkuu wa Mukama, alitangulia na baiskeli. Mimi nilikaa nyuma na daftari langu mapajani, nimelifunga kwa kitambaa lisipate vumbi, hata siku ile.

Watu wa Ijumbi walikuwa wamejaa ukingoni na ngoma. Gari lilipofika mwisho wa njia, Bwana DC alishuka akatazama mbele. Aliona mafunjo, maji, gogo moja, na bata. Akatazama kushoto, kisha kulia, kama mtu aliyeelekezwa nyumba isiyo yake.

Mzee Kaijage akajitokeza, akapiga goti, akaanza kumshukuru kwa daraja.

Alishukuru vizuri kuliko siku zote. Alitaja shule, alitaja mkunga, alimwonyesha mjukuu wake. Mzee Athumani alifasiri sentensi mbili, akasita, akanitazama. Bwana DC aliuliza daraja liko wapi. Mzee Kaijage akanyoosha mkono wa koti lake refu kuelekea majini akasema, "Karibu uvuke, Bwana."

Naye, kwa kuwa Waingereza nao wana adabu yao, akavuka. Gogo lilimbeba hatua nne. Hatua ya tano aliichukua majini, mpaka mapajani, kofia ikaenda zake na mkondo. Hakuna aliyecheka. Ngoma iliendelea, kwa heshima. Mimi nilijikuta nimeingia majini nyuma yake, daftari kichwani, na Mzee Athumani, kanzu ameishika juu ya vifundo, akatangaza kwamba yeye atafasiri kutoka pale pale aliposimama.

Sisi Walutheri tumezoea kuungama kwa pamoja kanisani, dhambi zote katika sentensi moja, bila kutaja ipi ni ya nani. Siku ile niliungama peke yangu, moja moja, nimesimama kwenye matope.

"Bwana, daraja hili nililiandika mimi," nikasema.

"Nani alikwambia limejengwa?"

"Hakuna. Walishukuru."

"Walishukuru nini?"

"Kitu ambacho hawana, Bwana. Ndivyo tunavyoomba."

Alinitazama, maji yakimpita. Niliona akilini mwake karatasi zinafunguka moja baada ya nyingine.

"Zahanati ya Kimwani?"

"Walishukuru, Bwana."

"Paa la soko?"

"Walishukuru sana."

"Kisima cha shule?"

Kisima nilikuwa nimekisahau. Nikatazama maji, naye akaelewa. Kutoka ukingoni Mzee Athumani akauliza kwa sauti kama ninataka afasiri hayo, na Bwana DC akamjibu kwamba hapana, ameyapata.

Alirudi nchi kavu, akakaa kwenye jiwe, akamimina maji ya kiatu kimoja, kisha cha pili. Nilingoja kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaiandika barua ya kuacha kazi, safi, iko mfukoni, ingawa sasa ilikuwa imelowa. Akasema jambo gumu kuliko kufukuzwa. Yeye hawezi kulirudisha daraja kwa maneno ya karani aliyelowa. Makisio yanafungwa mwezi ujao. Baraza lenyewe liseme, katika kikao, mbele ya Mukama, kwamba daraja hakuna na linatakiwa. Liandikwe hivyo, lisainiwe, lifike Boma. Lisipofika, lisubiri mwaka mwingine.

Mzee Athumani alipofasiri, watu wa Ijumbi wakatazamana. Maana nani angesimama mbele ya Mukama na kusema hakuna? Mzee Kaijage alitikisa kichwa. Alisema yeye ni mtu mzima, hawezi kuanza utovu wa adabu uzeeni. Mkwewe alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama maji. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Nilikuwa na majuma mawili na nusu. Sikula vizuri. Niliandika hotuba kumi na mbili za kumpa Mzee Kaijage, kila moja ya adabu kuliko iliyotangulia, mpaka ya mwisho ilikuwa ni shukrani tena. Na ndipo, nikiwa naandaa daftari kwa kikao, nilipoliona lile jambo ambalo nilikuwa nalifanya kila mwezi bila kulifikiria. Kabla ya kikao kuanza, karani husoma muhtasari wa kikao kilichopita, na Baraza huulizwa kama kuna masahihisho. Hakujawahi kuwa na masahihisho. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Siku ilifika. Mukama alikaa, wajumbe wakapiga magoti, wakaketi. Nikasoma. Nilipofika Ijumbi, nikaweka kidole kwenye mstari.

"Waitu, hapa pana kosa," nikasema. "Palipoandikwa wananchi wanashukuru kwa daraja, pasomeke daraja hakuna."

Nikasikia mtu anaacha kutafuna. Karani hana ruhusa ya kusema barazani, karani ni kama meza. Katikiro alinitazama kama nimetema mate kwenye zulia. Mukama alikuwa mtu mzito, asiye na haraka, na macho yaliyokuwa yamefumba nusu kwa miaka mingi. Yakafumbuka.

"Unasema mimi sina daraja?"

"Hapana, waitu. Nasema mimi niliandika vibaya."

"Aliyekosea ni nani?"

Vijana, nilikuwa nimeishi miaka ishirini na mitatu nikikimbia swali hilo.

"Mimi, waitu. Mimi peke yangu."

Alinitazama, na nadhani alikuwa anapima, maana hakuwa mjinga hata kidogo. Alijua mtoni hakuna kitu. Alijua tangu hotuba ya kwanza. Sasa palikuwa na kosa, na kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye.

"Basi kosa la karani lisahihishwe," akasema. "Andika: daraja la Ijumbi hakuna, na Mukama analitaka lijengwe."

Niliandika. Mzee Kaijage alikuwa anatazama sakafu, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Na kabla sijakausha wino, mjumbe wa Kimwani akasimama, akapiga goti.

"Kaboneka, waitu. Nahofia na kwetu karani alikosea."

"Alikosea wapi?"

"Kwenye zahanati."

"Isahihishwe."

Akasimama wa soko. Akasimama wa kisima. Adhuhuri hiyo nilikuwa na makosa kumi na moja. Mengine sikuyafanya mimi. Mmoja alisimama akasema karani alisahau kabisa kuandika habari ya barabara ya kwao, barabara ambayo haijawahi kutajwa na kiumbe yeyote tangu nianze kazi. Akanitazama. Wote wakanitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisahau."

Tangu hapo hivyo ndivyo Baraza letu lilivyowauliza wakubwa wake. Walipotaka kujua kwa nini mawe ya kisima yamerundikwa mwaka mzima, walisema karani aliandika yatatumika mwezi wa tatu, bila shaka alisikia vibaya. Walipotaka kujua kwa nini paa la soko limefunika upande wa jamaa za Katikiro tu, walisema karani alichora ramani kinyume. Katikiro naye akajifunza, akajibu kwamba kweli karani huyu anatia hasara, na wiki iliyofuata mabati ya upande wa pili yakafika. Mimi niliyeogopa makosa kuliko nyoka nikawa karani mwenye makosa mengi kuliko wote katika nchi ya Wahaya. Mama alisikia habari hizo sokoni Bukoba akaniletea dawa ya kuongeza akili.

Mzee Athumani ilimchukua muda kunisamehe. Aliniambia neno lake la kuandika alichosema mtu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa la watu wengine, wanaoomba kwa kuomba. Kisha akanionyesha barua iliyokuwa inatoka Boma kwenda kwa Mukama. Bwana DC alikuwa anaomba karani wa Baraza, pamoja na makosa yake, asihamishwe.

Nami nina neno moja la kuwapa, kisha niwaache. Mtu akishukuru sana mkutanoni, fungeni daftari mwende mkatazame anachokishukuru. Mimi nilichelewa, na kuchelewa kwangu kungeweza kumzamisha mtu.

Daraja lilijengwa kiangazi, nguzo za mawe, mbao juu. Mkwewe Kaijage alilivuka kwa miguu yake, polepole, mkono kiunoni, siku tatu baada ya msumari wa mwisho, akarudi na mtoto wa kike. Sikuwepo, niliambiwa. Nilingoja kikao kilichofuata kwa hamu, maana nilidhani sasa nitasikia shukrani ya kweli, nami nitaiandika kwa mwandiko wangu wote.

Mzee Kaijage alisimama. Alipiga goti haraka haraka, kama mtu mwenye kazi nyumbani.

"Waitu, lile daraja," akasema. "Mbao zake zinapiga kelele. Mbuzi wangu hawataki kupita. Na huyo aliyepigilia misumari ya upande wa kushoto, sijui alikuwa anamfikiria nani."

Akaketi. Hakushukuru hata kidogo. Mukama alijifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Mimi nilichovya kalamu, na tone la wino likaanguka katikati ya ukurasa, kubwa kama punje ya kahawa. Nililitazama. Nikaliacha. Na chini yake, kama alivyokuwa akifanya Mzee Laurian, nikaandika mstari mmoja tu:

"Ijumbi: daraja, linapiga kelele."